Moses Finley: Msomi wa Ugiriki aliyefukuzwa kazi kwa kunyamaza

Tarehe 28 Machi 1952 mwalimu wa historia wa Chuo Kikuu cha Rutgers, jimbo la New Jersey, aliketi mbele ya kamati ndogo ya Seneti ya Marekani iliyokuwa ikisaka wakomunisti. Alikuwa na miaka 39. Aliulizwa kama ni mwanachama wa Chama cha Kikomunisti, akajibu kwamba si mwanachama. Aliulizwa kama aliwahi kuwa, akakataa kujibu. Alitumia haki iliyomo katika Marekebisho ya Tano ya Katiba ya nchi hiyo, ya mtu kutolazimishwa kutoa ushahidi dhidi ya nafsi yake. Mwaka ulipokwisha hakuwa na kazi.

Mwalimu huyo ni Moses Finley. Aliyesoma historia ya Ugiriki ya kale katika chuo chochote ndani ya miaka hamsini iliyopita amekutana naye, hata kama jina lake hakulitilia maanani: katika maswali ya mtihani, katika namna wahadhiri wanavyouzungumzia utumwa wa Athens, katika mabishano yasiyokwisha kuhusu kama Wagiriki walikuwa na uchumi kwa maana tunayoijua leo. Alifariki Juni 1986 akiwa Sir Moses, profesa mstaafu wa Cambridge, mtu aliyesikika katika redio ya BBC na kusomwa na watu wasiojua hata herufi moja ya Kigiriki.

Maisha yake husimuliwa kama kisa cha heri. Wamarekani walimfukuza, Waingereza wakampokea, aking'ara kuliko wengi waliobaki. Hata wanaompenda husimulia hivyo, na msikilizaji huondoka akifikiri kwamba kule kufukuzwa kulikuwa na faida yake. Naona masimulizi hayo yanapotosha. Yanakisafisha chuo kilichomfukuza, na yanaipa Cambridge sifa ya kitu ambacho Finley alifika nacho. Ukizifuata kazi zake kwa tarehe zake, utaona kwamba mawazo makubwa yaliyomfanya awe Finley alikuwa nayo New York, kabla hajavuka Atlantiki.

Alizaliwa huko New York mwaka 1912 katika familia ya Kiyahudi, akiitwa Moses Finkelstein. Jina la Finley alilichukua ukubwani. Shahada ya kwanza aliipata Chuo Kikuu cha Syracuse mwaka 1927, akiwa na umri wa miaka 15. Uzamili aliumaliza Columbia mwaka 1929, na hapo pana jambo la kuzingatia: hakusomea Kigiriki wala historia ya kale. Alisomea sheria ya umma. Wengi wa waliokuja kuwa wenzake Uingereza walilishwa Kilatini na Kigiriki tangu utotoni, katika shule za watoto wa wenye uwezo, wakitafsiri beti za Homer na kutunga za kwao. Finley aliingia Ugiriki kwa mlango wa sheria, na kupitia mlango huo aliona vitu ambavyo wenzake walivipita kila siku bila kuvijali.

Miaka ya 1930 haikuwa miaka ya mtu kama yeye kupata ajira ya kudumu. Alikuwa msaidizi wa utafiti katika ensaiklopidia kubwa ya sayansi za jamii. Alifundisha City College ya New York. Alifanya kazi za kuhariri na kuandika mapitio ya vitabu kwa Taasisi ya Utafiti wa Jamii, ile ya Max Horkheimer na wenzake waliokimbia Frankfurt baada ya Hitler kushika madaraka. Alikuwa katibu wa kamati iliyoongozwa na mwanaanthropolojia mkongwe Franz Boas, iliyopinga nadharia za Wanazi kuhusu rangi na damu na kutetea uhuru wa wasomi. Wakati wa vita alifanya kazi katika shirika la kuchangisha misaada kwa ajili ya Urusi. Msimamizi wa ajira akiusoma wasifu huo ataona mtu aliyetangatanga. Mimi naona mtu aliyekuwa akijifunza kuuliza, kuhusu jamii yoyote ile, heshima hugawanywa vipi, mali inashikwa na nani, na nani haruhusiwi kushika nini. Maswali hayo hayakuwa yakifundishwa katika vyumba vya Kigiriki na Kilatini.

Tasnifu yake ya uzamivu, aliyoimaliza Columbia mwaka 1950 na kuichapisha mwaka 1952, ilihusu mawe. Katika Attica, mkoa unaoizunguka Athens, kumekuwa kukiokotwa mawe yenye maandishi machache, yaliyochongwa bila ustadi mkubwa. Kwa Kigiriki yanaitwa horoi. Kwa kawaida jiwe linasema kwamba shamba hili na nyumba hii vimeuzwa kwa fulani, kwa masharti ya kukombolewa, kwa drakma (fedha ya Wagiriki) elfu moja au zaidi. Pengine linatajwa jina la kiongozi wa mwaka huo ili tarehe ijulikane. Basi, limemaliza. Hakuna kisa, hakuna shairi. Wataalamu wa maandishi ya kale walikuwa wameyakusanya, wameyapanga na kusahihisha herufi zake, wakayaacha hapo.

Finley aliyauliza swali la mwanasheria: jiwe hili linamwambia nani, na linamwambia nini? Athens haikuwa na ofisi ya ardhi. Hapakuwa na daftari la hati ambamo mnunuzi angepekua kabla ya kutoa fedha yake. Kwa hiyo mkopeshaji alisimika jiwe palepale shambani, lionekane na kila anayepita: hapa pana deni, usije ukanunua ukidhani pako wazi. Kwetu bikoni humwambia mtu kiwanja kinaishia wapi. Jiwe la Athens lilimwambia pia nani mwingine ana mkono ndani yake.

Kisha akauliza la pili, ambalo ndilo lililomjengea jina. Walikopa kwa ajili gani? Baadhi ya mawe yanajibu yenyewe. Yapo yanayohusu mali ya binti aliyeolewa, maana kwa Wagiriki baba wa binti ndiye aliyetoa mali kwa mkwe, na mkwe akaweka ardhi dhamana ili mali hiyo irudi ndoa ikivunjika. Yapo yanayohusu mali za mayatima zilizokodishwa hadi watoto wakue. Yale yanayotaja deni tu aliyasoma pamoja na hotuba za mahakamani za akina Demosthenes, msemaji mashuhuri wa Athens, na picha iliyotokea ilikuwa ileile. Waliokopa kwa dhamana ya ardhi walikuwa watu wenye nacho, kwa viwango vikubwa, kwa mahitaji ya ukoo na ya heshima. Mkopo wa kuendeleza shamba lenyewe, lizae zaidi na kulipa deni lake, Finley hakuuona katika ushahidi ule.

Tena palikuwa na ukuta. Mgeni mkazi wa Athens, hata awe tajiri vipi, hakuruhusiwa kumiliki ardhi mpaka mji umpe haki hiyo kwa azimio maalumu. Wageni hao ndio walioshika sehemu kubwa ya biashara ya baharini na ya fedha. Sasa mtu asiyeweza kumiliki shamba atakopesha vipi kwa dhamana ya shamba? Deni lisipolipwa atalichukuaje? Fedha ilikuwa upande mmoja, ardhi upande wa pili, na katikati pamesimama sheria ya uraia. Pasion, aliyeanza kama mtumwa wa wenye benki akaishia kuimiliki benki, alipopewa uraia wa Athens alifunguliwa pia mlango wa ardhi.

Msomaji wa Unguja au Muscat hahitaji kuelezwa sana habari ya kuuza kwa masharti ya kukomboa. Katika karne ya 19 wenye mashamba ya karafuu Unguja na Pemba waliyauza kwa wafanyabiashara, wengi wao Wahindi, kwa bei ya khiyari: kwenye waraka shamba limeuzwa, mwenyewe bado anakaa humo na kuvuna, analipa kodi, na ana haki ya kulirudisha akileta fedha. Utaratibu huo una asili yake katika fiqhi ya Kiislamu na hauna undugu na Athens. Lakini swali lile la Finley, walikopa kwa ajili gani, lingefaa palepale.

Kitabu cha mawe kilitoka mwaka uleule alioitwa na Seneti. Waliomtaja mbele ya kamati, mwaka 1951, walikuwa wawili. Mmoja ni William Canning, aliyewahi kufundisha City College. Wa pili ni Karl Wittfogel, msomi wa historia ya China, Mjerumani aliyekuwa mkomunisti, akafungwa kambini na Wanazi, kisha akageuka mpinzani mkali wa ukomunisti. Wittfogel alidai kwamba Finley alikuwa na kikundi cha wanafunzi wa uzamili waliokutana kusoma na kujadiliana katika miaka ya 1930.

Yaliyotokea Rutgers baada ya hapo ndiyo yanayokivunja kile kisa cha heri. Liliundwa jopo la walimu wenzake kupitia suala lake na la Simon Heimlich, mwalimu wa hesabu katika Chuo cha Ufamasia cha hapohapo, ambaye naye alikataa kujibu maswali ya kamati ya Seneti. Walimu walikaa, wakalichunguza jambo, wakaamua hakuna sababu ya kuwafungulia mashtaka. Tarehe 12 Desemba 1952 baraza la wadhamini likautupilia mbali uamuzi huo. Liliazimia kwamba mwalimu kukataa kuijibu kamati ya Bunge kuhusu ukomunisti ni sababu tosha ya kufukuzwa mara moja, likawapa wawili hao hadi mwisho wa mwezi kubadili msimamo. Hawakubadili.

Hakuna aliyedai kwamba Finley alifundisha uongo darasani. Hakuna aliyesema utafiti wake una dosari, wala kwamba aliwatia wanafunzi wake siasa. Waliomjua kazini walimsafisha, na waliomfukuza hawakuwa wakimjua kazini. Kosa lake lilikuwa kutumia kifungu cha katiba ya nchi yake. Chama cha maprofesa wa vyuo vikuu vya Marekani kilikilaani chuo hicho rasmi, lakini ilikuwa mwaka 1956, mwenyewe ameshahamia ng'ambo.

Wanaosema "ilimfaa" wangemtazama Heimlich. Cambridge haikumwita. Jina lake leo hutajwa pale tu linapotajwa la Finley, kama ninavyofanya hapa. Miaka ile walimu wengi wa Marekani, wa shule na wa vyuo, walipoteza kazi kwa njia kama hiyo, na walio wengi hawakuwa na kitabu kilichochapishwa wala marafiki Oxford. Kupima uzito wa kufukuzwa kwa mafanikio ya aliyefukuzwa ni kumhesabu mmoja na kuwasahau wengine wote, na ndiyo sababu naandika haya kwa ukali kidogo. Vyuo vingi duniani bado vinafukuza, na bado vinajifariji kwamba mwenye kipaji atajipatia pengine.

Turudi kwenye tarehe. The World of Odysseus, kitabu kilichomfikisha kwa wasomaji wa kawaida, kilitoka mwaka 1954, kabla hajaanza kazi Cambridge. Ni kitabu chembamba na bado kinasomeka. Hoja yake ni kwamba jamii iliyomo katika tenzi za Homer inaweza kusomwa kama jamii ya kweli, yenye kanuni zake, na kwamba kanuni hizo si za majumba ya kifalme ya Mykene, yaliyoanguka mwishoni mwa milenia ya pili kabla ya Kristo. Finley aliiweka jamii hiyo katika karne ya 10 na ya 9 KK.

Angalia anavyoisoma zawadi. Odysseus, shujaa anayerudi kwao kutoka vitani, anapoondoka kisiwani kwa Wafeaki, mfalme wao Alkinoos anawaambia wakuu waliomzunguka: kila mmoja ampe mgeni sufuria na kigoda cha miguu mitatu cha shaba, nasi tutajilipa kwa kukusanya kutoka kwa watu, maana ni vigumu mtu mmoja kutoa bure. Wasomaji wa karne nyingi waliupita mstari huo wakikimbilia merikebu na safari. Finley aliusimamisha. Zawadi ni wajibu, inadai malipo yake siku moja, inatangaza cheo cha aliyeitoa, na gharama yake imebebwa na watu ambao shairi haliwataji majina. Halafu anakuonyesha Achilles, shujaa aliyekwisha kufa, kuzimu akisema heri angekuwa kibarua wa mtu asiye na shamba kuliko kuwa mfalme wa wafu. Kwa nini alimchagua kibarua, wala hakumtaja mtumwa? Kwa sababu, anasema Finley, mtumwa alikuwa na nyumba anayohesabiwa ndani yake, na kibarua hakuwa na kwao. Katika ulimwengu ule hakukuwa na hali mbaya zaidi ya hiyo.

Mwaka 1952, Finley akiwa katikati ya misukosuko, Mwingereza Michael Ventris, msanifu majengo kwa taaluma, alifumbua maandishi ya vigae vya udongo vya Knossos na Pylos, majumba ya kifalme ya enzi ileile ya Mykene. Ilikuwa Kigiriki. Wengi walitumaini kumpata Homer humo. Walichokikuta ni hesabu za kondoo, posho za wafanyakazi wanawake, uzito wa shaba, makarani wanaoorodhesha kila kitu. Katika Homer hakuna karani hata mmoja. Vigae viliisaidia hoja ya Finley kuliko yeyote alivyotarajia, ingawa wanahistoria baada yake wameisogeza jamii ya Odysseus mbele, hadi karne ya 8, na nadhani wako sahihi.

Kwa hiyo alipopata uhadhiri Cambridge mwaka 1955 alikuwa na miaka 43 na vitabu viwili vilivyobadilisha somo. Vyeo vilivyofuata vinajulikana: Jesus College mwaka 1957, uraia wa Uingereza mwaka 1962, uprofesa wa historia ya kale mwaka 1970 baada ya A. H. M. Jones, ukuu wa Darwin College kuanzia 1976 hadi 1982, hadhi ya Sir mwaka 1979. Cambridge ilimpa utulivu, ikampa wanafunzi. Richard Saller na Brent Shaw, walioandika baadaye kuhusu Roma kwa maswali yenye asili kwake, walipita mikononi mwake. Hayo si madogo, lakini Uingereza ilikuwa imechukua embe lililoiva mti wa jirani.

Aprili 1972 Rutgers ilimwita akatoe mihadhara. Miaka ishirini ilikuwa imepita. Mihadhara hiyo ilibeba jina la Mason Gross, aliyekuwa rais wa chuo hicho hadi mwaka uliotangulia. Finley alikwenda, na katika vyumba vya chuo kilichomfukuza alizungumzia demokrasia, ya Athens na ya sasa. Mhadhara mmoja ulihusu Socrates, mwanafalsafa aliyehukumiwa kifo mwaka 399 KK na mahakama ya raia, na mpaka wa uhuru wa kusema katika jamii yenye hofu. Angeweza kuchagua mada nyingine yoyote.

Lengo lake katika mihadhara ile lilikuwa kundi la wanasayansi wa siasa wa wakati huo waliofundisha kwamba wananchi kutojali siasa ni dalili njema, kwamba demokrasia hustawi umati ukikaa nyumbani na kuwaachia wajuao. Finley aliwajibu kwa Athens. Mkulima na fundi viatu waliketi kwenye kilima cha Pnyx, katika karne ya 4 KK mikutano arobaini kwa mwaka, wakaamua vita, kodi na mikataba. Baraza la watu 500 lilipatikana kwa bahati nasibu, kwa mwaka mmoja, na mtu hakuruhusiwa kulihudumia zaidi ya mara mbili maishani. Maana yake ni kwamba sehemu kubwa ya raia wa kawaida walipitia serikalini kabla ya kufa. Wanawake, watumwa na wageni hawakuwamo, na Finley hakulificha hilo. Alichokataa ni kulitumia kama kisingizio cha kutojifunza chochote kutoka kwa waliokuwamo.

Kabla ya hapo, mwaka 1962, alikuwa ameandika makala ambayo mimi naiweka juu ya vitabu vyake vyote, kuhusu viongozi wa umati wa Athens, wale ambao tangu Thucydides, mwanahistoria wa Athens wa karne ya 5 KK, wamepewa sifa ya uchochezi. Mtu aliyeona kwa macho yake wanasiasa wa nchi yake wakipanda ngazi kwa kuchochea hofu alikuwa na kila sababu ya kuwachukia. Yeye aliwaeleza. Athens haikuwa na vyama, haikuwa na baraza la mawaziri, haikuwa na kipindi cha miaka mitano ambacho kiongozi angejifichia. Aliyetaka kuongoza alisimama na kusema, leo, na kesho tena, mbele ya watu wanaoweza kumgeuka alasiri ileile na baadaye kumtoza faini, kumhamisha au kumwua. Bila wasemaji hao mfumo usingekwenda hata siku moja. Pericles, kiongozi wa Athens anayesifiwa sana, naye alikuwa mmoja wao.

Kisa cha Mytilene kinaonyesha hali hiyo vizuri. Mwaka 427 KK mji huo wa kisiwa cha Lesbos uliasi, ukashindwa. Raia wa Athens, kwa hasira, walipiga kura wanaume wote wazima wa Mytilene wauawe, wanawake na watoto wafanywe watumwa. Merikebu ikaondoka na amri. Kulipokucha watu walianza kuona wamefanya jambo la kinyama, mkutano ukaitishwa upya. Cleon akashikilia hukumu ibaki. Diodotus akampinga. Mikono ilipoinuliwa pande mbili zilikaribiana sana, na upande wa Diodotus ukashinda kidogo. Merikebu ya pili ikatumwa kuikimbiza ya kwanza. Wapiga makasia walikula huku wanavuta, unga wa shayiri uliokandwa kwa divai na mafuta, wakilala kwa zamu. Walifika wakati kamanda ameshaisoma amri ya kwanza na anajiandaa kuitekeleza. Mji ulinusurika, ingawa wale waliohesabiwa kuwa viongozi wa uasi, zaidi ya elfu moja kwa maelezo ya Thucydides, waliuawa hata hivyo.

Mkutano uleule ulioweza kutoa amri ile uliweza kuifuta siku ya pili, kwa sababu mtu alisimama akasema. Baraza la wadhamini la Rutgers halikurudia kura yake ya Desemba.

Palipo na udhaifu wake pia nitapasema. The Ancient Economy, kitabu cha mwaka 1973 kilichotokana na mihadhara aliyotoa Berkeley, kilichukua somo la mawe ya Attica na kulitandaza juu ya Ugiriki na Roma zote kwa karne nyingi. Hapo hadhi ya mtu inaeleza kila kitu, na soko, usafirishaji na uzalishaji vinabaki pembeni. G. E. M. de Ste. Croix wa Oxford alimshambulia mwaka 1981 kwa kuweka hadhi mahali pa tabaka. Wengine walimshambulia kwa kuidharau biashara, na hao wana ushahidi mzito zaidi. Miaka michache tu baada ya Athens kushindwa vita mwaka 404 KK, haki ya kukusanya ushuru wa asilimia mbili katika bandari ya Piraeus iliuzwa kwa talanta 36. Talanta moja ni drakma 6,000. Ili mnunuzi asipate hasara, mizigo yenye thamani ya talanta 1,800 na zaidi ilipaswa kupita hapo kwa mwaka, katika mji uliotoka kupoteza meli zake za vita na kuta zake. Tangu afariki zimeongezwa orodha za merikebu zilizozama katika Bahari ya Kati, na barafu ya Greenland imeonekana kuhifadhi chembe za madini ya risasi zilizotolewa hewani na tanuri za Wagiriki na Warumi. Finley hakuwaamini sana wanaakiolojia wanapotoa hitimisho la uchumi, na katika hilo alipitwa.

Lakini tazama wanavyombishia. Wote wanaanza na swali lake: uchumi ule uliendeshwa na nani, chini ya masharti gani ya sheria na heshima? Hata anayemkanusha anatumia lugha aliyoiacha.

Kazi yake nyingine kubwa, ya mwaka 1980, ilihusu utumwa. Tangu mwaka 1959 alikuwa akisema jambo lililowaudhi wengi, kwamba katika Ugiriki uhuru na utumwa vilikua pamoja. Solon, mtunga sheria wa Athens, alipopiga marufuku Mwathens kumfanya Mwathens mwenzake mtumwa kwa deni, mwanzoni mwa karne ya 6 KK, kazi ya mashamba makubwa haikufutika. Ilitafutiwa watu wengine, wa kutoka nje. Mkulima wa Athens akawa raia kamili, na gharama ya uraia wake ikabebwa na Mthrakia aliyenunuliwa sokoni. Finley alitaja hali tatu zinazozaa jamii ya namna hiyo: ardhi iliyo mikononi mwa watu binafsi wenye zaidi ya wanavyoweza kulima na familia zao, soko la kuuzia mazao, na uhaba wa watu wa ndani wa kulazimishwa kufanya kazi. Na akasema jamii za utumwa kwa maana hiyo kamili, katika historia yote, ni tano: Ugiriki ya kale, Roma, Brazil, visiwa vya Karibi na kusini mwa Marekani.

Orodha hiyo imerudiwa vitabuni kwa miaka mingi kana kwamba imeshapimwa. Sasa chukua masharti yake matatu uyapeleke Unguja ya mwaka 1870, kabla kimbunga cha 1872 hakijaing'oa mikarafuu na kabla soko la watumwa halijafungwa mwaka 1873. Mashamba makubwa ya karafuu yalikuwa ya watu binafsi. Zao liliuzwa ng'ambo. Wafanyakazi waliletwa kwa nguvu kutoka bara, kutoka nchi za Ziwa Nyasa na kwingineko, kwa sababu visiwani hawakutosha. Masharti yote matatu yametimia, na Unguja haimo. Wasomi wameshaanza kuihoji orodha hiyo kwa kutaja dola ya Sokoto ya Afrika Magharibi na kwingineko, lakini Pwani yetu inahitaji watu wanaosoma Kiarabu na Kiswahili cha nyaraka, wanaojua maana ya khiyari, wakfu na mjoli (mtumwa mwenza). Nyaraka za Taifa za Zanzibar ziko Kilimani. Kijana anayetafuta mada ya uzamivu Dar es Salaam, Nairobi au Zanzibar yuko karibu nazo kuliko mtu yeyote wa Cambridge, na hoja ya kuipinga, Finley mwenyewe ameshamwandalia.